Mabaka ya Vita Juu ya Modeli Ndogo: Ustadi wa Kuziba Rangi

Kazi ya majuma matatu yaweza kuharibika kwa nukta moja. Modeli ya ndege imekwisha kuunganishwa, imepigwa msasa, imepakwa rangi ya udongo na juu yake rangi ya kijani. Kilichobaki ni kubandua tepu tu. Mkono ukivuta kwa pupa, tepu huondoka na ngozi ya rangi, na pale palipotarajiwa baka zuri hubaki plastiki tupu, nyeupe kama mfupa. Wengi waliowahi kuunda modeli za ndege au vifaru wameyaonja machungu hayo walau mara moja.

Kuunda modeli ni kazi ya mapumziko ipendwayo na watu wengi duniani, na miongoni mwao wamo askari wengi, kwa sababu askari huvijua vyombo vya vita na huyajua maana ya mabaka aliyoyavaa mwilini. Kazi hii haidai nafasi kubwa. Meza ndogo, taa nzuri, wembe mpya na moyo wa subira vyatosha. Lakini katika hatua zake zote, hapana inayowashinda wengi kama kupaka mabaka, na siri ya mabaka imo katika kuziba: yaani kufunika sehemu iliyokwisha kupakwa ili rangi inayofuata isiifikie.

SI MCHEZO WA WATOTO PEKE YAO

Asiyezijua modeli aweza kuzidharau. Yafaa akumbushwe yaliyotokea katika anga ya mashariki ya Uingereza tarehe 6 Septemba 1939, siku ya tatu tu tangu nchi hiyo ilipotangaza vita na Ujerumani. Ndege za Spitfire za kikosi namba 74 zilizishambulia ndege za Hurricane za kikosi namba 56, zikidhani ni za adui. Hurricane mbili zilitunguliwa, na rubani Montague Hulton-Harrop akafa. Yeye ndiye rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kuuawa katika vita vile, na aliyemwua alikuwa mwenzake. Makosa ya mitambo na ya mawasiliano yalichangia; lakini jicho nalo lilikuwa halijazoea kutofautisha ndege na ndege.

Majeshi yalijifunza. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi hiyo wachonge modeli za mbao 500,000, za aina 50 za ndege, za rafiki na za adui, ili marubani, wapiga mizinga na walinzi wa anga wazitumie kujifunzia. Kipimo kilichochaguliwa kilikuwa 1:72, maana yake modeli ni sehemu moja ya sabini na mbili ya ndege yenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: modeli ya kipimo hicho ikining'inizwa mita 10 kutoka kwa mtazamaji, huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Mlinzi wa zamu angeweza kuijifunza anga nzima ndani ya chumba kimoja.

Modeli hizo za shule zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa kuwa mwanafunzi alitakiwa alijue umbo. Kazi ya mabaka ni kinyume cha hiyo: ni kulivunja umbo lisijulikane. Ndiyo sababu mwundaji wa leo anayetaka kuionyesha ndege kama ilivyokuwa vitani hana budi kuyajua mabaka yake, tena kuyaweka mahali pake.

CHUI, KWALE NA MZINGA

Mabaka hayakuvumbuliwa na binadamu. Chui aliyelala katika kivuli cha majani huonekana kama kivuli chenyewe. Kwale aliyeatamia mayai katika nyasi kavu aweza kukanyagwa kabla hajaonekana. Wanyama hawa hawakujificha nyuma ya kitu. Wamejificha mbele ya macho, kwa sababu madoa yao yameukata mstari wa mwili, na jicho lisipoupata mstari huo halijui mnyama anaanzia wapi na anaishia wapi.

Jeshi la Ufaransa lilianzisha kitengo maalumu cha kuficha silaha mwaka 1915, chini ya mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola. Wachoraji na mafundi wa mapambo ya michezo ya kuigiza walipaka turubai rangi mbalimbali na kuifunika mizinga ili isionekane kutoka angani. Katika Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, Hugh Cott, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya rangi za wanyama mwaka 1940, aliwafundisha wanajeshi kanuni hizo hizo. Bwana huyo baadaye alifanya utafiti juu ya mamba katika Uganda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1961. Aliyetaka kujua namna ya kuuficha mzinga alikuwa amejifunza kwanza kwa viumbe.

FUNDI WA MAGARI NA TEPU YAKE

Kifaa kikuu cha kuzibia nacho kina historia yake, na historia hiyo imeanzia katika karakana ya magari. Miaka ya 1920 watu wa Marekani walipenda magari ya rangi mbili. Mafundi walifunika nusu ya gari kwa magazeti na gundi, wakapuliza rangi ya pili, kisha wakabandua. Na mara nyingi gundi iliondoka na rangi ya kwanza. Kijana mmoja wa kampuni ya 3M ya mji wa Saint Paul, Richard Drew, alifika katika karakana kujaribisha msasa, maana msasa ndio uliokuwa biashara ya kampuni yake. Akawakuta mafundi wakilaani kazi yao. Baada ya majaribio mengi, mwaka 1925 alitoa tepu ya karatasi yenye gundi inayoshika kiasi cha kutosha, lakini inayokubali kubanduka.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kanuni nzima ya kuziba. Tepu isiyoshika hupenyeza rangi. Tepu inayoshika mno hung'oa rangi. Tepu ya nailoni ya kufungia bahasha haifai, kwani gundi yake ni kali na huacha utando. Tepu ya karatasi wanayoitumia mafundi wa rangi ndiyo ya kutafuta, na iliyo nyembamba na laini zaidi ndiyo bora.

MFANO WA SPITFIRE YA MWAKA 1940

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Spitfire ya kiangazi cha mwaka 1940. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kuuza modeli ya plastiki ya ndege hiyo mwaka 1953, na tangu hapo watoto na wazee wengi wameanzia hapo. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Katika kipimo cha 1:72 upana huo huwa milimita 156, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima kilichonyoshwa.

Juu ilikuwa na rangi mbili: hudhurungi ya udongo na kijani iliyokoza. Tumbo lilikuwa la kijani hafifu chenye weupe, ili ndege isionekane upesi na aliye chini akitazama mbinguni. Mabaka ya juu hayakupakwa ovyo. Ulikuwako mchoro rasmi, tena wa namna mbili, wa pili ukiwa kama sura ya wa kwanza ndani ya kioo. Ndege zilipewa mchoro huu au ule kufuata namba yake, shufwa au witiri, hadi utaratibu huo ulipoachwa mwaka 1941. Mwundaji makini hutazama kwanza namba ya ndege anayoiunda, ndipo achague mchoro.

Hatua ya kwanza ni usafi. Vipande vya plastiki huweza kutoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kalibu. Vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, visuuzwe, viachwe vikauke vyenyewe. Baada ya kuunganishwa, modeli isishikwe kwa vidole vyenye jasho. Kisha ipakwe rangi nyembamba ya msingi, ile inayoitwa praima. Rangi isiyoishika plastiki haitanusurika mbele ya tepu yoyote.

Hatua ya pili ni mpangilio wa rangi. Kwa kawaida rangi nyepesi hutangulia na iliyokoza hufuata. Kwa Spitfire, tumbo hupakwa kwanza, kisha hudhurungi juu yote, na mwisho kijani. Anayeanza na kijani atalazimika kuifunika kwa mikono mingi ya hudhurungi, na penye ukingo patakuwa na ngazi inayohisika kwa ukucha.

Hatua ya tatu ni kungoja, na hapa ndipo wengi huanguka. Rangi ya mafuta yaweza kuonekana kavu baada ya saa chache huku ndani ingali mbichi. Iachwe siku nzima, na wakati wa masika siku mbili. Ipo njia ya kupima isiyohitaji chombo: modeli inuswe. Ikiwa ingali na harufu ya rangi, haijakauka. Rangi za maji hukauka upesi zaidi, lakini nazo hupata nguvu zikipewa usiku mmoja.

Hatua ya nne ni kuziba kwenyewe. Tepu haitolewi katika gurudumu lake na kubandikwa papo hapo, kwa maana pembe zake zimekusanya vumbi na nyuzi. Hubandikwa kwanza juu ya kioo kisafi, kisha ukingo hukatwa upya kwa wembe na rula. Kioo hufanya kazi mbili: huupa wembe mahali pa kukatia, na huipunguzia gundi makali yake tepu inapobanduliwa.

Mabaka ya Spitfire yana mapindo, na tepu pana haipindi bila kukunjamana. Kwa hiyo hukatwa vipande vyembamba vya milimita 1 au 2, navyo hufuata pindo kama utepe ufuatavyo shingo ya vazi. Mpaka ukishachorwa kwa vipande hivyo, sehemu ya ndani hujazwa kwa tepu pana au karatasi. Mwingine hunakili mchoro rasmi kwa ukubwa wa modeli, huukata baka kwa baka, na kuutumia kama kielelezo cha kukatia tepu. Kioo cha rubani huzibwa kwa vipande vidogo vinavyokatwa taratibu kando ya fremu zake kwa wembe mpya. Wembe butu huchubua plastiki.

Kwa madoa madogo na pembe ngumu yako maji ya mpira, utomvu unaopakwa kwa brashi na kukauka kuwa ngozi inayobanduka. Brashi itumbukizwe kwanza katika maji ya sabuni, la sivyo mpira utaganda katika nywele zake na brashi itatupwa.

Hatua ya tano huachwa na wengi, nayo ndiyo inayotenganisha fundi na mwanagenzi. Baada ya kuukandamiza ukingo wa tepu kwa kijiti cha meno, hupulizwa mkono mwembamba wa rangi ile ile iliyo chini ya tepu, yaani hudhurungi. Kama upo upenyo wowote, hudhurungi ndiyo itakayoingia na kuuziba, na kwa kuwa ni rangi ya mahali pale haitaonekana. Kijani ikija haitapata njia.

Ndipo kijani hupulizwa, kwa mikono myembamba, bomba likielekezwa wima juu ya modeli. Likielekezwa kwa upande kuelekea ukingoni, upepo wake huisukuma rangi chini ya tepu. Asiye na bomba atumie brashi pana na laini, aivute kutoka juu ya tepu kwenda nje, asiisukume kamwe kuelekea tepu.

Hatua ya mwisho ni kubandua. Rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu kabisa, tepu hukunjwa juu yake yenyewe na kuvutwa polepole, ikilala karibu na modeli. Haivutwi kwenda juu. Atakayeinua tepu wima atainua na rangi.

MABAKA YENYE KINGO LAINI

Si vyombo vyote vilivyokuwa na mabaka yenye mpaka uliokatika. Mwezi Februari mwaka 1943 jeshi la Ujerumani liliagiza vifaru vyake vitoke kiwandani vikiwa na rangi ya manjano iliyofifia, na vikosi vikapewa rangi nzito ya kijani na ya kahawia nyekundu ili vijipakie vyenyewe. Rangi hiyo ilizimuliwa kwa petroli au hata kwa maji, ikapulizwa kwa bomba. Ndiyo maana hakuna kifaru kilichofanana kabisa na mwenzake, na kingo za mabaka yake zilififia kama ukungu.

Kwa kazi hii tepu iliyobandikwa haifai, kwani hutoa mstari mkali. Mafundi hutumia kinamo, ile gundi laini ya kubandikia picha ukutani. Huviringishwa kuwa kamba nyembamba kama tambi na kulazwa juu ya mpaka wa baka. Kwa kuwa kamba ni ya mviringo, rangi hupita kidogo chini ya tumbo lake na kufifia. Njia nyingine ni kukata karatasi kwa umbo la baka na kuiinua kwa vidonge vya kinamo, milimita 1 au 2 kutoka juu ya modeli. Karatasi ikiinuka zaidi, ukingo hulainika zaidi.

Hapa kipimo hakina budi kukumbukwa. Ukungu wa rangi wenye upana wa sentimita 5 juu ya kifaru halisi huwa milimita 1.4 katika modeli ya 1:35, na milimita 0.7 tu katika ile ya 1:72. Modeli ndogo yenye ukungu wa milimita 5 humaanisha chombo ambacho mpaka wa mabaka yake umefifia kwa upana wa sentimita 36. Hapo jicho huona kwamba mambo hayapatani, hata kama mtazamaji hajui sababu.

MAKOSA NA TIBA YAKE

Rangi ikipenya chini ya tepu, isifutwe kwa hasira ikiwa mbichi. Ingojwe ikauke, isuguliwe kwa msasa laini kabisa uliolowekwa, kisha pahala pale paguswe kwa brashi nyembamba. Rangi ikibanduka hadi kwenye plastiki, kingo za jeraha zisawazishwe kwa msasa, praima irudishwe, na rangi zifuate kwa utaratibu ule ule. Ikiwa sehemu kubwa imebanduka, dalili ni kwamba modeli haikuoshwa au rangi haikungojwa. Kurudia bila kusahihisha hayo ni kurudia hasara. Gundi ikisalia, ipanguswe taratibu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Tepu isiachwe juu ya modeli majuma kwa majuma, kwa sababu katika joto gundi yake hunata na kugeuka utando.

HADHARI NYUMBANI

Modeli iliyoharibika huweza kurudiwa, maisha hayarudiwi. Nyumba nyingi za kambini na za mijini zina vyumba vichache, na meza ya kazi huwa karibu na jiko. Thina na rangi za mafuta hutoa mvuke unaoshika moto. Kazi ya rangi isifanywe kabisa penye jiko la mkaa, stovu au taa ya mafuta inayowaka, wala penye sigara. Madirisha yawe wazi, na anayepuliza afunike pua na mdomo kwa kinyago kinachofaa, maana kitambaa cha kawaida huzuia vumbi lakini hakizuii mvuke. Mama mjamzito na watoto wachanga wasikae katika chumba hicho mpaka harufu iishe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka thina katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi chupa ina nini. Thina ikae katika chombo chake, chenye kifuniko cha kukaza, juu mahali asipofika mtoto, pamoja na nyembe zote. Ikitokea mtoto ameinywa, asitapishwe kwa namna yoyote, kwani majimaji hayo yakirudi juu yaweza kuingia mapafuni na kumletea madhara makubwa zaidi. Apelekwe hospitali mara moja, na chombo chenyewe kichukuliwe ili mganga akione.

Mtoto mkubwa aweza kushirikishwa bila hatari. Aoshe vipande, aviringishe kinamo, akandamize tepu kwa kijiti. Kukata kwa wembe na kupuliza rangi kubaki kwa mtu mzima. Watoto wa nchi hizi huunda magari ya waya na ya makopo bila kufundishwa na mtu. Vidole hivyo vikipewa modeli havitakuwa vigeni. Na asiye na fedha za kununua plastiki aweza kuchonga ndege kwa mti mwepesi, kama walivyofanya wanafunzi wa mwaka 1942, akaipaka mabaka kwa kanuni hizi hizi.

Mwisho wa kazi, tepu ya mwisho inapokunjwa na kuvutwa taratibu, mpaka wa hudhurungi na kijani hujitokeza safi kama uliochorwa kwa kalamu. Baba aweza kumwonyesha mwanawe bawa hilo na kumweleza kwamba rangi zile zilimficha rubani, na kwamba wakati mwingine hata wenzake walishindwa kumjua. Kisha modeli iwekwe juu ya kabati, mbali na jua, na siku mbili tatu zipite kabla mkono haujaigusa tena.